Mizinga ilijaa Juni, Septemba imebaki mitupu: nyuki wamepatwa na nini?

*"Nafuga nyuki wilayani Sikonge, mkoani Tabora. Nina mizinga 18 ya viunzi, kila mmoja una viunzi 26. Mwezi wa sita nilirina asali nzuri, mizinga ilikuwa imejaa hadi mwisho. Mwishoni mwa mwezi wa saba nikarudi kurina iliyobaki kwa sababu mnunuzi alikuwa anasubiri. Tangu hapo nyuki wanapungua tu. Sasa ni Septemba: mizinga saba ina nyuki kiasi cha ngumi mbili, minne ni mitupu kabisa, na miwili nimekuta nondo wametafuna masega yote. Mitano tu ndiyo bado ina nyuki wa kutosha. Jirani anasema nondo ndio waliowafukuza. Muuza pembejeo ameniambia nipulize dawa ya wadudu ndani ya mizinga. Mwenzangu mwingine anasema malkia wamezeeka, niwaue. Maji yako mbali, mwendo wa karibu nusu saa, na mizinga kadhaa iko juani tangu miti ilipopukutisha majani. Je, nyuki wangu wanaumwa? Niwape sukari? Nifanye nini nisipoteze na hii iliyobaki?"*

Ndugu mfugaji, pole kwa hasara hiyo. Kwanza nakuomba mambo mawili kabla hujaendelea kusoma: usipulize dawa yoyote ya wadudu ndani ya mzinga, na usiue malkia hata mmoja mwezi huu. Dawa inayoua nondo inaua nyuki vilevile, kisha inabaki ndani ya nta kwa muda mrefu, na asali utakayorina msimu ujao itahifadhiwa na nyuki ndani ya nta hiyohiyo. Suala la malkia nitalieleza mbele.

Unachohofia ni ugonjwa. Katika yote uliyoandika sioni dalili ya ugonjwa. Hujataja majana (mayai, funza na nyuki wachanga walio bado ndani ya vyumba vya sega) yaliyooza, harufu mbaya, lundo la nyuki waliokufa mlangoni, wala nyuki wenye mabawa yaliyojikunja. Ninachokiona ni njaa, joto na kiu, vilivyowakuta nyuki katika kipindi ambacho hata kwa maumbile yao huwa wanapungua. Sehemu ya upungufu huo ungeipata hata kama ungefanya kila kitu sawasawa. Sehemu nyingine imetokana na kile kirinio cha pili cha Julai. Nakwambia wazi kwa sababu hapo ndipo utakapoweza kubadilisha jambo mwakani.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu kundi la nyuki halieleweki. Kibarua, yaani nyuki jike anayefanya kazi zote za mzinga, wakati wa kazi nyingi huishi wiki tano au sita tu. Nyuki wetu wa Afrika huchukua siku zipatazo 20 tangu yai litagwe hadi atoke kwenye chumba cha sega. Kundi, basi, ni kama mtungi unaovuja: usipojazwa kila siku, unashuka bila mtu kuupiga teke. Tuseme malkia anataga mayai 1,000 kwa siku na kila kibarua anaishi siku 40. Kundi litakuwa na nyuki 40,000. Malkia huyohuyo akishuka hadi mayai 250 kwa siku, baada ya muda kundi litatulia kwenye nyuki 10,000. Hakuna aliyeugua na hakuna aliyefukuzwa. Waliokufa ni wazee wa kawaida, na waliopaswa kushika nafasi zao hawakuzaliwa.

Hesabu hiyo ina jambo ambalo wafugaji wengi hulikosa: upungufu unaonekana wiki nyingi baada ya chanzo chake. Yai lililotagwa mwishoni mwa Juni hutoka nyuki karibu na tarehe 20 Julai. Nyuki huyo hukaa ndani wiki mbili au tatu akilisha majana, akijenga masega na kulinda mlango, ndipo aanze kutoka kutafuta chakula, yaani kwenye wiki ya pili ya Agosti. Nyuki unaowaona wakiruka mlangoni mwezi wa nane ni mayai ya Juni na mwanzoni mwa Julai. Ukifungua mzinga Septemba ukakuta umedhoofu, chanzo kitafute Juni na Julai. Hayo uliyoyakuta Septemba, pamoja na nondo, yamekuja baadaye.

Sasa, kwa nini malkia hupunguza kutaga? Yeye haamui peke yake. Analishwa na vibarua wachanga kwa maziwa yanayotoka kwenye tezi za vichwa vyao, na tezi hizo hazifanyi kazi bila chavua. Asali inawapa nguvu ya kuruka na kupasha majana joto, lakini mwili wa nyuki mchanga unajengwa kwa chavua. Huko kwenu mti wa muba huchanua mvua zikielekea ukingoni, na asali yake ndiyo uliyoifurahia Juni. Maua yakiisha, kipupwe kikaingia na majani ya chini yakakauka, chavua inayoingia mzingani inakuwa haba. Vibarua wanamlisha malkia kidogo, naye anataga kidogo. Hali ikizidi kuwa mbaya wanakula hata mayai na funza wachanga ili kuokoa lishe iliyokwisha kutumika, na madume wanafukuzwa nje kwa sababu wanakula bila kukusanya. Ukiona madume wakiburutwa mlangoni mwezi wa saba au wa nane, kundi linakwambia kuwa limeanza kubana matumizi.

Nyuki wa Ulaya hukabili kipindi kibaya kwa kujifungia: vibarua wa majira ya baridi hujaza akiba ya mafuta na protini mwilini, hawana majana mengi ya kulisha, na huishi miezi minne hadi sita wakisubiri maua. Nyuki wetu wa bara, wale ambao wanasayansi huwaita Apis mellifera scutellata, wana njia nyingine. Wao huhama. Wamezoea nchi ambayo upande mmoja umekauka huku upande mwingine unachanua, kwa hiyo kundi lenye njaa haling'ang'anii mzinga. Warina asali wa Tabora wanalijua hili tangu zamani. Ndiyo sababu hutundika mizinga mingi mitupu porini na kuyasubiri mabumba (makundi ya nyuki yanayotafuta makazi) yaje yenyewe maua yakirudi. Kwao mzinga mtupu wa kiangazi haukuwa ajabu.

Kwa hiyo ile mizinga minne mitupu ifungue tena uichunguze, kwa maana nyuki huacha maelezo. Kundi lililohama kwa njaa hujiandaa kwa siku nyingi: malkia anaacha kutaga, majana ya mwisho yanatoka, asali inaliwa yote, kisha wanaondoka pamoja. Utakuta masega makavu na safi, bila asali, bila majana, bila mizoga. Kundi lililokimbia kwa bughudha huondoka ghafla na kuacha majana, pengine na asali. Hapo uliza kuhusu siafu, nyegere, moto wa porini, au mzinga uliokuwa tanuri kwa jua. Na kama chini ya mzinga kuna mizoga mingi na vibarua wachache walikufa vichwa vimezama ndani ya vyumba vya sega, hao hawakuhama, walikufa kwa njaa. Nina hakika kubwa kwamba kwenye mingi ya hiyo minne utakuta masega makavu.

Ndipo tunafika kwenye kirinio cha Julai. Asali iliyobaki baada ya Juni ndiyo ilikuwa posho yao ya kuvuka hadi miti ya mitundu itakapochanua. Pamoja nayo, masega yanayopakana na majana huwa na ukanda wa chavua, na mtu anaporina kwa haraka huondoka nayo bila kujua. Tena, kila sega unalokata linapaswa kujengwa upya. Hukadiriwa kuwa nyuki hutumia kilo sita hadi nane za asali kutengeneza kilo moja ya nta. Ukiwaachia nafasi tupu na akiba kidogo mwanzoni mwa njaa, unawaachia deni. Ninaelewa shinikizo la mnunuzi anayesubiri, ila kilo chache za Julai zimekugharimu makundi yatakayokosekana Oktoba.

Joto na kiu vimeongeza uzito. Majana yanahitaji nyuzi joto 34 hadi 35 wakati wote. Mzinga ukipigwa na jua la Septemba, vibarua wanaacha chavua na mbochi (maji matamu ya maua) wanakwenda kuteka maji ili wayapepee ndani na kupoza. Maji yakiwa mwendo wa nusu saa, kila safari inakula asali ambayo haipo. Kundi kubwa linaweza kumudu. Kundi la ngumi mbili haliwezi, kwa sababu halina vibarua wa kuteka maji na wakati huohuo wa kulisha majana.

Kuhusu nondo, jirani yako ameona kweli lakini amegeuza mpangilio. Nondo wa nta hujaribu kutaga kwenye kila mzinga, hata ule wenye nguvu. Pale penye nyuki wa kutosha, mayai na viwavi vyake hutafutwa na kutupwa nje. Anafanikiwa pale ambapo masega ni mengi kuliko nyuki wa kuyalinda, na hupenda zaidi masega meusi ya zamani yenye mabaki ya majana na chavua. Vivyo hivyo kile kimende kidogo cheusi cha mizingani, Aethina tumida, ambaye asili yake ni huku kwetu Afrika: kwenye kundi lenye nguvu anabanwa pembeni, kwenye kundi dhaifu funza wake wanaharibu asali hadi inachacha na kuchuruzika. Ukimwona nondo, jua kwamba kundi lilikuwa limekwisha kudhoofu.

Na malkia? Inawezekana mmoja wawili wamechoka, lakini Septemba si wakati wa kuwahukumu. Malkia mchanga anahitaji kuruka na kupandwa na madume wengi angani, na madume ndio hao waliofukuzwa. Ukiua malkia leo, kundi litalea mwingine ambaye huenda asipandwe vizuri, na wiki tatu au nne zitapita bila yai jipya. Subiri maua yarudi. Wakati huo malkia mwenye afya utamjua kwa majana yaliyopangika, vyumba vimejazwa vikishikamana. Akiendelea kutaga hapa na pale wakati chavua inaingia kwa wingi, ndipo ubadilishe.

Sasa tushughulikie mizinga yenyewe. Ile mitano yenye nguvu ndiyo mali yako, anzia hapo. Iwekee kivuli leo. Tumia nyasi zilizoezekwa juu ya kifuniko au matawi. Usiihamishe umbali mfupi, kwani vibarua watarudi pale pa zamani waukose mzinga. Weka maji ndani ya mita mia moja au mbili kutoka kwenye manzuki (mahali mizinga ilipo), kwenye chombo kipana chenye vijiti na mawe ili nyuki wasizame, na usiache kikauke hata siku moja, wakishazoea. Fyeka nyasi kuzunguka manzuki kabla moto wa msimu haujafika. Paka grisi kwenye waya za kutundikia kuzuia sisimizi na siafu. Kisha iache. Kila unapofungua mzinga kwenye kiangazi unawapa sababu ya kuhama.

Ile saba dhaifu ifungue jioni, kwa haraka, utafute kitu kimoja: mayai. Yai moja limesimama katikati ya sakafu ya chumba maana yake malkia yupo. Mayai mawili matatu katika chumba kimoja, yamebandikwa ukutani, na vifuniko vya majana vilivyovimba kama risasi, maana yake malkia hayupo na vibarua wanataga wenyewe. Kutoka hapo hutoka madume tu. Kundi la namna hiyo halina mwisho mwema, na usilipotezee sukari. Lililo na malkia lipunguzie nyumba: ondoa masega yote ambayo nyuki hawayafuniki, sogeza yaliyobaki pamoja, weka ubao wa kugawa mzinga nyuma yake, na punguza mlango hadi nyuki watatu au wanne waweze kupita kwa pamoja. Nafasi ndogo inapashika joto, inalindika, na nondo anakosa pa kujificha.

Kuunganisha makundi kunasaidia, lakini tumia busara. Dhaifu mawili yenye njaa yakiunganishwa huwa kundi moja lenye njaa. Mimi ningeunganisha kundi lililokosa malkia lakini lenye vibarua wa kawaida na lile lenye malkia anayetaga, jioni, nikiweka karatasi ya gazeti iliyotobolewa tundu chache katikati yao ili wazoeane harufu wakati wakiitafuna. Usiguse yale matano yenye nguvu kwa ajili ya kuokoa haya. Usitegemee pia kwamba yote saba yatapona. Ukivuka na matatu au manne umefanya kazi nzuri.

Sukari, basi. Sukari inampa nyuki nguvu, haimpi protini. Itaokoa kundi lenye malkia ambalo asali imeliishia, lakini haitamfanya malkia atage sana kama chavua hakuna. Ukiamua kuwapa, changanya kilo moja ya sukari nyeupe na lita moja ya maji, weka ndani ya mzinga nyuma ya masega kwenye chombo chenye vijiti, jioni nyuki wanapolala, na usizidishe nusu lita kwa mara moja, kinachobaki huchacha. Usimwage nje hata tone, maana makundi yenye nguvu yataanza kupora yaliyo dhaifu na utapoteza kwa siku moja ulichotaka kuokoa. Usiwape asali ya kununua, kwa kuwa inaweza kubeba vimelea vya magonjwa. Na maua ya kwanza yakionekana, acha mara moja, la sivyo sukari itaingia kwenye asali utakayouza. Kwa gharama, sega moja la asali ulilowaachia Juni lingekusaidia kuliko mfuko wa sukari wa Septemba.

Masega yenye nondo yakate leo hii, uyayeyushe upate nta. Pitisha moto wa nyasi ndani ya mzinga kuua mayai kwenye nyufa, kwangua, kisha paka nta kidogo kwenye viunzi. Fanya hivyo pia kwa ile minne mitupu. Mitundu na miyombo huchanua na kutoa majani mapya kabla ya mvua, kati ya Septemba na Novemba, na hapo mabumba yanarudi yakitafuta makazi. Mzinga safi unaonukia nta, penye kivuli na maji, una nafasi nzuri ya kupata wenyeji bila wewe kununua kundi. Asali itakayopatikana kwenye maua hayo, Novemba au Desemba, chukua kidogo sana mwaka huu au usichukue kabisa. Waache wajenge.

Mwakani, kwenye mzinga wa viunzi 26, mimi hushauri mfugaji aache sehemu yote ya majana bila kuigusa, pamoja na masega sita ya asali yaliyo karibu nayo, mawili kati yake yakiwa yale yenye chavua. Ukisharina Juni, funga hesabu hadi maua yajayo. Kama mnunuzi anakuja Julai, muuzie uliyohifadhi kwenye ndoo.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyapima kwa maandishi. Eneo lenu ni la tumbaku, na vitalu vya miche huwekwa karibu na maji. Vikipuliziwa dawa, nyuki wanaokunywa hapo hufa. Chungulia mlangoni asubuhi: nyuki wengi waliokufa ghafla, ndimi zimetoka nje, ni ishara ya sumu. Angalia pia kupe mdogo mwekundu-kahawia mwilini mwa nyuki, yaani varoa. Alithibitishwa Kenya mwaka 2009 na Tanzania pia yupo. Nyuki wetu humvumilia kuliko wale wa Ulaya, na kwa sababu hiyo sishauri kumwekea dawa kwa kubahatisha, lakini kundi lililokwisha kudhoofu anaweza kulimaliza.

Ukiona funza wamebadilika kuwa wa kahawia, wananuka, au ukichoma kijiti kwenye chumba kilichofunikwa kikatoka na uzi wa ute unaovutika, usihamishe sega lolote kutoka mzinga mmoja kwenda mwingine, na usitumie kisu kilekile bila kukichoma moto. Mwite afisa ufugaji nyuki wa wilaya afike kwenye manzuki, siku hiyohiyo ikiwezekana. Mfungie kipande cha sega chenye majana ya namna hiyo kwenye karatasi, si kwenye mfuko wa plastiki, maana ndani ya plastiki kitaota ukungu kabla ya kupimwa. Akihitaji msaada zaidi, Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko hapo Tabora mjini. Mweleze tarehe za virinio vyote viwili, mizinga mingapi imeathirika, na kama kuna shamba lililopuliziwa dawa wiki hizo. Kwa taarifa hizo ataweza kuanza kazi mara tu afikapo.